Mkutubi Aliyekataa Kunisahihishia

Mkutubi wa chuo chetu hakuwahi kunisahihishia hata nukta moja, na kwa miezi mitatu nilimchukia kwa ajili hiyo. Nasema mapema ili mtu asidhani naandika sifa za msibani. Mama yule yu hai, ana afya yake, na akiyasoma haya atatafuta kwanza mahali nilipokosea. Umri wake siujui. Kwao hasa ni wapi, pia sijui. Wengine walisema Ukerewe, wengine walisema ng'ambo huko Sengerema, naye alipoulizwa alijibu kwamba kwao ni rafu ya tatu, upande wa dirishani.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye feni mbili, moja nzima na moja ya pambo. Alifika kabla mlinzi wa geti hajamaliza uji wake. Alivaa sweta la kijani mwaka mzima, hata mwezi wa kumi ambapo sisi tulikuwa tunatafuta kivuli cha nguzo. Mezani kwake aliweka kengele ya baiskeli iliyofungwa kwenye kipande cha ubao. Ukinong'ona, aliigonga mara moja. Ukirudia, aliigonga mara mbili na kukutaja jina la ukoo. Sikuwahi kumwona mtu aliyefika ya tatu.

Alikuwa mkali kwa sheria zake na mvunjaji hodari wa sheria hizo hizo. Ukutani alibandika tangazo la kukataza chakula, herufi kubwa nyekundu, na chini ya tangazo hilo ndipo alipokaa akitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, aliyoificha kwenye droo ya kadi za vitabu. Michembe si kitu cha kula kwa siri, inalia mdomoni kama changarawe, na maktaba nzima ilikuwa inamsikia. Siku moja dada mmoja wa mwaka wa pili akajipa moyo akamuuliza, "Mama, mbona wewe unakula?" Akajibu bila kuinua macho, akimwita mama kwa Kisukuma, "Hiki si chakula, mayu. Hii ni dawa ya kuwasubiri ninyi."

Mimi nilimjua vizuri mwaka wa tatu. Kabla ya hapo maktaba kwangu ilikuwa mahali pa kuchaji simu.

Kozi yetu ilikuwa ya ualimu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika ripoti ya utafiti, kwa Kiingereza, kisha aitetee mbele ya jopo. Mada yangu niliipenda. Nilitaka kujua kwa nini shule zilizo karibu na mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, hukosa watoto kwa siku kadhaa kila mwezi. Watu wa ziwani hawahitaji kuelezwa: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi penye giza, kwa hiyo mwezi ukipotea angani, watoto nao hupotea madarasani, wanakwenda kusaidia kuanika. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa shangazi yangu tangu nikiwa mdogo. Mada ilikuwa yangu kabisa. Kuandika ndiko kulikokuwa kwa watu wengine.

Nieleze. Nje ya geti palikuwa na steshenari mbili, na kompyuta zao zilitunza ripoti za wanafunzi wote waliotutangulia. Ulichagua moja iliyofaulu, ukabadilisha jina la wilaya, ukapenyeza takwimu zako, basi. Sisi tuliita kuvalisha. Hakuna aliyeona ni wizi. Tuliona ni urithi, kaka zetu walivalisha na wadogo zetu wangevalisha za kwetu. Lakini kuvalisha kulikuwa na ajali zake. Rafiki yangu mmoja, kijana asiye na hata mchumba, alimshukuru katika ukurasa wa kwanza mume wake mpendwa kwa uvumilivu aliomwonyesha wakati wa ujauzito. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Kisha msimamizi wangu akanirudishia ripoti yangu, nikaona kwamba katika sura ya pili dagaa wangu walikuwa wanapaliliwa na kutiwa mbolea mara mbili kwa msimu.

Msimamizi hakuandika maelezo marefu. Aliandika, "Hii si kazi yako." Nikavalisha upya, safari hii kwa uangalifu, nikachanganya ripoti tatu ili asijue. Ikarudi: "Bado si kazi yako. Ya tatu ni ya mwisho." Maana yake tuliijua sote. Ya tatu ikikataliwa, unarudia mwaka. Na mwaka wa kurudia, nyumbani kwetu Nyakato, haukuwepo. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, wadogo zangu wawili walikuwa wanasubiri zamu yao ya kusoma, na shule moja ya Sengerema ilikuwa imeahidi kunipokea mwezi wa saba kama ningekuwa na matokeo mkononi. Ningekosa cheti, ningekosa kazi, na ningekuwa nimekula zamu ya wadogo zangu bure.

Ni yule rafiki yangu mwenye mume aliyeniambia niende kwa mkutubi. Yeye alikuwa ameshakwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta ripoti yangu. Naomba unisahihishie."

"Sisahihishi."

"Basi nionyeshe tu nilipokosea."

"Sionyeshi."

"Sasa mama, hapa unafanya nini?"

Nilisema kwa hasira kidogo. Akafungua droo, nikadhani anatoa michembe yake, kumbe anatoa kikaratasi cha manjano. Vikaratasi vile vilikuwa vipande vilivyobaki kwenye mashine za uchapaji za mzee mmoja wa Kihindi mjini, ambaye alimwekea fungu kila mwezi kwa sababu watoto wake wote walisoma vitabu vya hadithi alivyowachagulia mkutubi. Kwenye kila kikaratasi palikuwa na maswali manne, yameandikwa kwa mkono: Aya hii inasema nini? Umejuaje? Nani mwingine amesema, na mnatofautiana wapi? Ukiifuta, nani atalia?

"Chukua," akasema. "Kila aya uiulize yote manne. Usiniletee majibu, jipe mwenyewe."

Swali la nne ndilo lililotumaliza. Nilikaa siku nne na ripoti ya kurasa hamsini na mbili, nikiuliza aya moja moja nani atailia, na nyingi hazikuwa na hata ndugu wa mbali. Nilibaki na kurasa kumi na moja. Nilimpelekea nikiwa nimeinamisha kichwa. Akazipima mkononi, hakusoma hata mstari, akasema, "Haya, sasa una kitu."

Mambo yake haya aliyaita zana. Alikuwa nazo kadhaa, na hakuna hata moja iliyomhitaji yeye awepo. "Zana ni za mwenye shamba," alipenda kusema. "Mimi natunza ghala tu." Ukimwomba akae nawe mkitumie pamoja kikaratasi chake, alikutazama kana kwamba umemwomba akutafunie chakula.

Zana niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mkasi. Ulichapisha sura yako, ukaikata aya kwa aya, ukazichanganya kama karata, kisha ukampa mwenzako ambaye hajaisoma azipange. Akishindwa kuzipanga, kosa si lake. Mara ya kwanza rafiki yangu alipanga sura yangu ya kwanza ikaanza na hitimisho, na kusema kweli ilisomeka vizuri kuliko nilivyoipanga mimi.

Kisha kulikuwa na simu. Nyuma ya maktaba yapo mawe makubwa, kama yalivyo kila mahali Mwanza, na huko alitutuma twende tujisomee kazi zetu kwa sauti tukijirekodi, halafu tusikilize kwa spika za masikioni bila kutazama karatasi. Ungepita pale saa nne asubuhi ungeona vijana sita, kila mmoja na jiwe lake, wanahubiri Kiingereza kwa pimbi. Mfagiaji mmoja mpya alituuliza sisi ni kikundi cha maombi cha kanisa gani. Lakini sikio halina upendeleo. Sentensi niliyoiona ya kisomi karatasini, sikioni ilikuwa mtu anayepanda mlima amebeba godoro.

Mkutubi mwenyewe Kiingereza alikisoma kwa miaka yote ile na kukizungumza mara chache sana. Na alipozungumza Kiswahili, l na r zilibadilishana viti kinywani mwake kila zilipotaka. Wahadhiri wawili watatu walimwigiza kwenye chumba chao cha chai. Yeye alijua. Siku moja nilimwambia, kwa nia njema ya kijinga, kwamba watu wanamcheka. Akasema, "Wananicheka wakiwa wameshika vitabu nilivyowatafutia. Nimepungukiwa nini?"

Kila mmoja wetu alitakiwa pia kuwa na daftari la makosa. Si makosa ya wote, makosa yako. Kosa likijirudia mara tatu unaliandikisha, na kabla ya kukaa kuandika unalisoma daftari lote, kama dereva anavyozunguka gari kutazama matairi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nasema "wengi" bila kuhesabu. La pili: nasema "inajulikana" wakati anayejua ni mimi peke yangu. La tatu sitalitaja, bado ninalo.

Mwaka ule akili mnemba ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya kila mtu. Wahadhiri waliipiga marufuku na wanafunzi wakaitumia chooni. Mkutubi hakufanya lile wala hili. Aliiita "yeye", kama mpangaji mpya ambaye tabia yake bado haijajulikana. "Usimwambie akuandikie," alituambia. "Mwambie akuulize maswali kumi juu ya kazi yako. Akianza kukujibu, mfungie mlango." Nilijaribu nikiwa sina imani. Niliipa sura yangu ya tatu, ambamo nilikuwa nimewalaumu wazazi wa mialoni kwamba hawajali elimu. Swali la sita likaniuliza nimezungumza na wazazi wangapi.

Hata mmoja. Nilikuwa nimezungumza na walimu wakuu watano, basi. Swali lile liliniudhi siku nzima, na lilikuwa la haki. Jumamosi nikarudi mwaloni kwa shangazi, nikakaa na akina mama kwenye vichanja vya dagaa. Mama mmoja, aliyekuwa na watoto watatu shuleni, aliniambia huku akigeuza dagaa wake, "Mwalimu, shule ina likizo ya Krismasi, ina likizo ya mwezi wa sita. Giza halina likizo. Mngetupa siku hizo za giza, mngekuta watoto wetu wamekaa darasani mwezi mzima." Niliandika maneno yake mguuni kwangu kwanza, kwa haraka, halafu karatasini. Ripoti yangu ilianzia hapo. Yote niliyokuwa nimeandika kabla ya siku ile yalikuwa maneno ya mtu anayepita njia.

Lakini kuwa na jambo la kusema ni kitu kimoja, na kulisema ni kingine. Zilibaki wiki tatu. Sura ya nne ilikuwa inakwama mahali pale pale, kwenye sentensi iliyotakiwa kubeba kila kitu nilichokiona. Niliiandika mara ishirini. Niliisoma kwenye mawe. Niliikata kwa mkasi, ingawa sentensi moja haina cha kukatwa. Mwisho nikaipeleka kwa mkutubi, nikamsimamia mpaka akaisoma, na nikaona macho yake yamesimama mahali.

"Umeona," nikamwambia.

"Nimeona."

"Ni neno gani, mama? Neno moja tu. Unalijua."

"Nalijua."

"Basi nisaidie."

Akavua miwani. "Lejea mwanzo, baba. Chukua kikaratasi, uiulize tena."

Hapo nikamwaga. Nilimwambia maneno ambayo kijana aliyelelewa hamwambii mama wa rika lile. Nilisema analipwa mshahara kwa kutazama watu wanazama. Nilisema kwamba labda hajui chochote, kwamba zile zana zake ni ujanja wa kukwepa kazi. Watu wote waliinua vichwa. Yeye aliigonga kengele. Mara moja, kama kwa mtu aliyenong'ona. Nikatoka nje, nikakaa kwenye mawe nikalia kwa hasira, na simwonei haya mtu kulisema hilo. Nilikuwa nikiwaona wadogo zangu mbele yangu.

Kesho yake nilirudi kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Aliniitikia shikamoo yangu kama kawaida, akanisogezea karatasi zangu na kikaratasi kipya cha manjano. Hakuzungumzia jana. Wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, nikiwa natafuta jambo jingine kabisa, sentensi ile ilikaa. Nikampelekea mbio. Akaisoma, akavuta droo, akanipa kipande cha mchembe. Katika miaka mitatu ile sikusikia mtu mwingine aliyepewa.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na vipenzi, na alikuwa na visirani. Wanafunzi wa michezo hakuwaamini na vitabu. Aliwahi kumfukuza dada mmoja maktabani kwa wiki mbili kwa kosa la kuchana ukurasa, na dada wa watu akalia akaapa kwamba kitabu alikikuta hivyo. Baada ya siku tano mkutubi akakuta ukurasa ule katikati ya kitabu kingine, umetumika kama alama na mhadhiri. Alimwita yule dada mbele ya wote, akamwomba radhi kwa sauti, kisha akasema mwenye kosa sasa ni yeye, na adhabu ya kosa inajulikana. Akabeba kiti na meza yake ndogo akaenda kukaa barazani, akahudumia watu kupitia dirishani kwa siku tano zile zile. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe kumsihi aingie ndani. Akamjibu kwamba siku zake hazijaisha.

Na jambo la ajabu kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe hakuandika. Mtu aliyetufundisha kuandika, au tuseme aliyetuacha tujifunze, hakuandika kitu kirefu kuliko tangazo. Mwaka mmoja uongozi ulimtaka aeleze njia zake kwa maandishi, kurasa kumi tu, ili wampandishe cheo. Aliwatumia kikaratasi kimoja cha manjano, kile kile chenye maswali manne, na chini yake saini. Hakupandishwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alijaribu, akaziuliza aya zake nani atalia, na zote zikanyamaza. Alicheka aliposema hivyo, lakini nadhani lilimuuma. Ananidai hilo, na hii kazi ninayoiandika sasa ni sehemu ya kulifidia.

Siku ya jopo nilivaa shati la baba. Walikuwa watatu, na msimamizi wangu amekaa mwisho wa meza. Sikuulizwa kuhusu dagaa wala giza. Swali la kwanza lilikuwa, "Nani amekuandikia?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Mwenyekiti akalirudia polepole. Akasema kazi ya pili na kazi ya tatu haziwezi kutoka kwenye mkono mmoja kwa miezi mitatu. Ama simu imeandika, akasema, ama kuna mtu. Nikaona mwezi wa saba unaondoka, na Sengerema, na zamu za wadogo zangu, vyote vinatoka mlangoni kimya kimya. Nilikuwa nimekataliwa mara mbili kwa sababu kazi haikuwa yangu, na sasa ningekataliwa kwa sababu ilikuwa yangu.

Nilikuwa na mfuko wa rambo miguuni. Sikuuleta kwa ujanja. Nilikuja nao kwa sababu sikuthubutu kuuacha hosteli. Nikaumwaga mezani. Rasimu kumi na nne zilizokatwa na kugundishwa kwa selotepu, daftari la makosa, vikaratasi vya manjano vyenye majibu yangu ya hovyo, na simuni sauti yangu ikijikwaa na kurudia sentensi moja mara ishirini, huku pimbi wakilia nyuma. Nikawaonyesha maswali kumi niliyoulizwa na simu, na la sita nimelizungushia duara. Wakasoma. Wakaniuliza saa nzima. Mmoja wao alisikiliza rekodi mpaka mwisho, akawa anatabasamu bila kutaka. Walipomaliza, msimamizi wangu alinipa mkono akasema, "Sasa nimekusoma wewe." Nilifaulu, nikapewa marekebisho madogo.

Nilikimbia maktabani. Mkutubi alinisikiliza, akafungua daftari lake la kuazima, akasema, "Hongera sana. Una vitabu vitatu vimepitiliza muda."

Nafundisha Sengerema hadi leo. Mwaka jana, wakati wa likizo, nilivuka kuja Mwanza kununua vitu vya nyumbani, nikapita Kirumba, soko la Mwaloni. Nilimsikia kabla ya kumwona. Kulikuwa na mama anagombana na muuza dagaa kwa sauti ya kusikika mpaka uwanja wa mpira, anasema dagaa hawa wana mchanga kuliko ufukwe walikotoka. Nikageuka. Sweta la kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shika hiki kikapu, ngosha, huyu ananiona mimi mshamba." Akamaliza ugomvi wake, akashinda, ndipo akanitazama sawasawa. "Ee! Wa giza la mwezi!"

Tulikaa kwa mama lishe tukaagiza chai na chapati. Alikuwa amestaafu. Nilimweleza kwamba wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanatumia maswali yake manne. Hakufurahi nilivyotarajia. Aliuliza kama wameongeza maswali yao, nikasema hapana, akasema basi waongeze, yale yalikuwa ya kwetu. Kisha nikamwomba radhi kwa siku ile niliyomfokea. Miaka yote sikuwa nimefanya hivyo. Akaikoroga chai yake ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa tena.

"Siku moja kabla ya jopo lako," akasema, "niliitwa."

"Na nani, mama?"

"Na hao hao wa jopo. Wakaziweka kazi zako mbili mezani. Wakasema kijana huyu amebebwa, na sisi tunajua anashinda kwako. Wakasema nikikiri wataniacha, ila wewe utarudia mwaka. Wakaniuliza, humu ndani lipo neno lako? Hata moja?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema halipo. Wakanipa karatasi nitie saini kwamba halipo. Nikatia. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka, baba, mpaka wakaniona."

Sikuelewa. Nikamwambia ulikuwa ukweli, sasa mkono utetemeke kwa nini? Akatazama kule wanakoshusha samaki.

"Ulipotoka ile siku, uliziacha karatasi zako mezani kwangu. Nilikuona kwenye dirisha umekaa kwenye jiwe, unalia. Mimi ni mzazi. Nikachukua penseli, nikaliandika lile neno juu ya mstari wako, kwa herufi ndogo. Nikasema moyoni, neno moja, Mungu atanisamehe. Nikalitazama. Nikalitazama sana. Halafu nikachukua raba nikalifuta, nikapuliza, nikaipeleka karatasi dirishani kwenye mwanga nione kama bado linasomeka."

"Lilikuwa linasomeka?"

"Halikusomeka. Ndiyo maana nilitia saini."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, mbele ya wauza dagaa wote, nikamwambia asante. Aliniacha nimshike. Kisha nikamuuliza lilikuwa neno gani.

"La nini tena?" akasema, akivuta kikapu chake. "Si ulilileta mwenyewe wiki iliyofuata?"

Nikajaribu kukumbuka ni neno gani nililolileta wiki ile. Sikuweza. Wiki ile nilileta mengi, na yote yalikuwa yangu.